Mume wangu alikuwa askari Marekani: kwao wanataka maiti, mama mkwe anataka bendera

Bi Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tacoma, jimbo la Washington. Mume wangu alifariki Ijumaa iliyopita, ghafla, kwa moyo. Alikuwa na miaka 44. Ameniachia watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume ana sita. Maiti iko kwenye kampuni ya mazishi, na simu yangu haipumziki. Kila anayepiga anajua la kufanya kuliko mimi.

Sisi ni watu wa Marangu. Mume wangu alikuja huku kwa bahati nasibu ya green card, akabeba mizigo kwenye maghala, halafu akajiunga na Jeshi la Nchi Kavu, na uraia akaupatia humo humo. Alitumikia miaka sita, sehemu yake akiwa Afghanistan, akatoka vizuri, na tangu hapo alikuwa dereva wa basi. Mgongo na masikio vilimsumbua tangu jeshini, na serikali ilikuwa ikimlipa kila mwezi kwa ajili hiyo. Nyumba tunayoishi tuliinunua kwa ule mkopo wa wanajeshi wa zamani.

Kila akitoka kumzika mwenzake wa jeshini alikuwa akirudi kimya. Siku moja tuko mezani akasema, "Mimi siku yangu mnipigie lile tarumbeta, hata nusu dakika inatosha." Kuhusu mahali pa kuzikwa hakuandika popote. Ila kihambani, kwenye shamba la ukoo huko Marangu, amejenga, na kila mwaka alikuwa akituma hela makaburi ya wazee yafyekewe.

Kaka yake mkubwa ameshachagua mahali, pembeni ya baba yao. Amenitumia picha ya eneo lenyewe, mgomba umeshakatwa. Anasema Wamarekani walishamtumia akiwa hai, maiti ni ya ukoo. Mama mkwe ana miaka 78. Amenitumia ujumbe kupitia wifi kwamba bendera itakayofunika jeneza ni yake, kwa kuwa tumbo lililombeba ni lake. Mchungaji wa nyumbani naye ameuliza kwa nini mtoto wa Kanisa afunikwe bendera ya nchi ya watu.

Huku nako kwenye umoja wetu kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia heshima za kijeshi wanapewa waliofia vitani au waliomaliza miaka 20. Mwingine anasema ukimsafirisha nyumbani umezipoteza, lazima azikwe makaburi ya jeshi. Wa tatu anasema zinalipiwa, na hela ya michango haitoshi hata ndege. Mzee wetu mmoja ameshawatangazia watu kwamba itapigwa mizinga 21, na binti yangu tangu alisikie hilo hataki kwenda kwenye ibada.

Kampuni ya mazishi wananidai karatasi inaitwa DD-214. Nimepekua masanduku yote, sijaiona.

Bi Mshauri, nifanye nini? Sitaki kugombana na ukweni, na sitaki mume wangu aondoke bila kile alichokiomba.

Mjane, Tacoma

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeirusha mbele ya zote zilizotangulia kwa sababu maiti haikai kwenye foleni.

Umebebeshwa magomvi matatu yaliyofungwa furushi moja. Heshima za kijeshi ni jambo moja. Mahali pa kaburi ni jambo la pili. Bendera ni la tatu. Sheria ya Marekani haikuyafunga pamoja, ni watu wa kwenye simu yako waliofunga. Aliyekuambia uchague kati ya tarumbeta na kihamba amekupotosha, na ukishalijua hilo nusu ya mzigo imeshuka.

Heshima kwanza. Tangu tarehe 1 Januari 2000, sheria inaitaka Wizara ya Ulinzi impe heshima za mazishi kila mwanajeshi wa zamani anayestahili, familia yake ikiomba. Kufia vitani si sharti. Kumaliza miaka 20 si sharti. Kinachotazamwa ni kwamba alitumikia na hakuondolewa jeshini kwa fedheha, na mumeo kwa maelezo yako yumo. Kinachotolewa kwa uchache ni hiki: askari wawili wenye sare, mmoja wao lazima awe wa tawi alilotumikia marehemu, yaani kwako Jeshi la Nchi Kavu; bendera inakunjwa mbele yenu na kukabidhiwa; na tarumbeta linapigwa. Hulipi hata senti. Ila neno la kushika ni "ikiomba". Hawaji wenyewe kwa kusikia kuna msiba. Mwenye kampuni ya mazishi ndiye anayewapigia, na wao hupenda wapate siku mbili au zaidi za kujipanga, kwa hiyo mwambie leo, usingoje kikao cha ukoo kiishe.

Na heshima hizi hazidai kaburi la jeshi. Zinafanyika kanisani, zinafanyika kwenye ukumbi wa kampuni ya mazishi, zinafanyika hata kwenye ibada ya kumbukumbu ambapo mwili haupo. Kwa hiyo fanyeni ibada ya kuaga hapo Tacoma, jeneza likiwepo, askari wafanye kazi yao, halafu ndio safari ya Marangu. Hata ingetokea mambo yakaharakishwa akasafirishwa kabla, mlango haufungwi: unaweza kuomba heshima hizo baadaye, hata miaka ikipita.

Sasa karatasi. DD-214 ni cheti cha kutoka jeshini, na bila hiyo au hati nyingine inayoonyesha alitumikia na alitokaje, hakuna kinachosogea. Umesema nyumba mliinunua kwa mkopo wa wanajeshi wa zamani. Basi anza na aliyewakopesha, maana hakuna benki inayotoa mkopo ule bila kuona utumishi wa mtu, na huenda nakala imo kwenye jalada. Pili, piga ofisi ya kaunti inayotunza kumbukumbu, kwa sababu askari wengi wakitoka huisajili huko. Tatu, Idara ya Maveterani, ambayo huku wote tunaiita VA, ilikuwa ikimlipa kila mwezi, kwa hiyo taarifa zake wanazo. Njia ya mwisho ni hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis, Missouri. Wanapokea maombi kwa fomu SF-180, na ukieleza kwamba kuna mazishi yanayosubiri wanakupa kipaumbele. Nakala ya DD-214 kwa mjane haiuzwi. Mtandaoni utakutana na watu wanaotaka hela wakutafutie. Wapite.

Nikueleze utakachokiona siku hiyo, ili usishtuke. Bendera itatandazwa juu ya jeneza lililofungwa, ile sehemu ya bluu yenye nyota ikae upande wa kichwa, juu ya bega la kushoto. Askari wawili watasimama huku na huku wamevaa glavu nyeupe. Tarumbeta litapigwa, wimbo uitwao Taps, wenye noti 24 tu, na hauzidi sana dakika moja. Ulitungwa ulivyo sasa mwaka 1862 kule Virginia, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwenye kambi ya Jenerali Daniel Butterfield, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaambia askari wazime taa walale. Kisha bendera itainuliwa usawa wa kiuno, itakunjwa kwa urefu mara mbili, halafu pembe kwa pembe kutoka upande wa milia, mikunjo 13, mpaka ibaki pembetatu ya bluu yenye nyota tupu. Hawaongei wakati wa kukunja na hawana haraka. Wakimaliza, mmoja atakuja mbele yako, atapiga goti au atainama, atakukabidhi na kukuambia kwa niaba ya Rais wa Marekani, ya Jeshi na ya taifa lenye shukrani kwamba bendera hii ni ishara ya kuthamini utumishi mwema wa mpendwa wako. Huhitaji kujibu chochote. Wengi wanaitikia kwa kichwa tu. (Zile meseji zinazosambazwa kwamba kila mkunjo una maana yake, wa kwanza uhai, wa pili uzima wa milele, hazimo kwenye sheria yoyote. Mtu akitaka kuzisoma kanisani shauri yake.)

Lile tarumbeta lina jambo ambalo kampuni nyingi za mazishi hazisemi. Wapiga tarumbeta wa kweli jeshini hawatoshi, na sheria inaruhusu sauti iliyorekodiwa. Kwa hiyo mara nyingi askari anaweka tarumbeta mdomoni, kumbe ndani yake kuna kifaa kidogo kinachopiga chenyewe. Sauti ni safi, na mtu wa safu ya pili hatambui. Lakini mumeo aliomba jambo moja tu, na mimi ningekuwa wewe ningetaka pumzi ya mtu. Muulize mwenye kampuni ya mazishi kama atapatikana mpigaji. Wakikosa, kuna watu wa kujitolea wanaoitwa Bugles Across America ambao kazi yao ni hiyo hiyo. Na mchungaji wa nyumbani sidhani kama tarumbeta litamkwaza, maana Walutheri wa Kilimanjaro hawamziki mtu bila matarumbeta. Waambie wa Marangu wamalizie walikoanzia wa Tacoma.

Swali lake la bendera ni la haki, na jibu lake ni jepesi. Hata huku makanisa mengi bendera inaondolewa mlangoni, jeneza linavikwa kitambaa cha kanisa, na wakitoka nje inarudishwa. Kwako haitafika hata huko, kwa sababu itakunjwa Tacoma. Jeneza litaingia Marangu bila bendera ya mtu yeyote, Kanisa litamvika linavyojua. Bendera hairuhusiwi kuingia kaburini wala kugusa ardhi, kwa hiyo hilo la kuzikwa nayo lisikutishe. Nawe ukishaikabidhiwa usiitandaze tena kihambani. Iache ilivyokunjwa, iwekwe mezani karibu na picha yake. Safarini ibebe kwenye mkoba wa mkononi, usithubutu kuiweka kwenye mizigo.

Mizinga 21 ya mzee wenu isahau. Hiyo ni mizinga ya kweli, na hupigiwa marais na wakuu wa nchi. Mazishi ya askari wa kawaida huwa na mikupuo mitatu ya bunduki, nayo si sehemu ya lazima. Mara nyingi inafanywa na wazee wa vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion au VFW, pale wanapopatikana. Unaweza kuikubali na unaweza kuikataa, hakuna atakayeona umemvunjia mumeo heshima. Yeye hakuomba bunduki. Ukiikubali, mwambie binti yako kabla kwamba ni milio mitatu, risasi hazina kichwa, na akitaka azibe masikio. Mtoto haogopi kelele kama anavyoogopa kelele asiyoijua. Huwa pia wanaokota maganda ya risasi na kuipa familia. Hayo yaache Tacoma. Sitaki nisikie umewekwa pembeni uwanja wa ndege, mjane mwenye maganda ya risasi kwenye mkoba.

Kaburi sasa. Hapa nitasema vitu viwili ambavyo havipendani. Kwa sheria ya jimbo la Washington, marehemu asipoacha maandishi wala kumteua mtu, mwenye kauli juu ya mazishi ni mke. Si kaka, si ukoo. Na unayo haki ya kumzika bure katika makaburi ya taifa ya Tahoma, pale Kent, karibu kabisa na kwenu: kaburi, kuchimba na kufukia, jiwe, na utunzaji wa siku zote ni juu ya serikali, na wewe siku yako ikifika unapumzishwa naye hapo hapo. Nakutajia ili ujue kwamba ukisema "anakwenda Marangu" unasema kwa hiari yako, hujaburuzwa. Lakini hiyo sheria usiitaje kwenye simu na shemeji. Ukiitaja mara moja utaisikia mpaka wajukuu.

Ukiniuliza mimi, mpeleke. Mtu aliyejenga kihambani na kulipa watu wafyeke makaburi ya wazee wake alishasema anapotaka kulala, hata kama hakuandika. Sharti langu ni moja: gharama ya ndege isiwe deni lako na watoto. Shemeji aliyekata mgomba achangishe na ukoo, nanyi wa huku mchangishe, na kiasi kijulikane kabla tiketi haijakatwa. Pasi ya mumeo ilikuwa ya Marekani, kwa hiyo kampuni ya mazishi waanze mapema na ubalozi wa Tanzania juu ya karatasi za kuusafirisha mwili.

Na Marangu haimnyimi jiwe lake. VA inatoa jiwe la kaburi la mwanajeshi wa zamani popote duniani, hulipii jiwe wala kulifikisha. Kulisimika ndiko juu yenu. Kwa aliyefariki miaka hii linatolewa hata kama familia imeshajenga kaburi lake la marumaru. Linaombwa kwa fomu 40-1330, na msalaba wa Kilutheri umo kwenye orodha ya nembo unazoweza kuchagua. Linachukua muda, basi fundi aache nafasi yake.

Sasa mama mkwe. Serikali inatoa bendera moja tu kwa marehemu mmoja, na wa kwanza kuipokea ni mke, kisha watoto, ndipo wazazi. Kwa hiyo kwa kanuni ni yako, na kwa maoni yangu ni ya yule kijana wa miaka sita. Lakini mama wa miaka 78 anayeitaka bendera hagombei kitambaa, anauliza nafasi yake katika kifo cha mwanawe ni ipi, na kwa sauti ya wifi swali hilo limekufikia likiwa kali. Mpe nafasi. Siku ya ibada mpigie kwa video, awekwe pale askari wanapokunjia. Saa nne asubuhi Tacoma ni saa mbili au saa tatu usiku kwao, kutegemea majira, bado yuko macho. Nunua bendera ya pili ya kipimo kile kile, futi tano kwa tisa na nusu, ikunjwe pembetatu vile vile, na ukifika Marangu umpigie magoti umkabidhi wewe mwenyewe mbele ya watu waliokuja kuzika. Mwambie kweli kwamba ni ya pili, usimdanganye.

Halafu kuna cheti ambacho watu wengi hawakijui. Tangu mwaka 1962, wakati wa Kennedy, Rais wa Marekani hutoa cheti cha kumbukumbu kwa familia ya mwanajeshi wa zamani, kina jina la marehemu na saini ya Rais. Kinaombwa kwa fomu 40-0247, na tofauti na bendera, nakala zinatolewa zaidi ya moja. Omba yako, ya mama mkwe, na hata ya shemeji. Kiwekwe kwenye fremu sebuleni kwa mama. Naijua Marangu kidogo, kila mgeni atasomewa.

Jambo moja hukuliuliza. Kwa kuwa mumeo alikuwa akilipwa fidia ya ulemavu wa jeshini, VA ina fedha ya kusaidia mazishi, na kama kifo hakikutokana na utumishi una miaka miwili ya kuidai. Haitalipa ndege, lakini ni kitu. La maana zaidi, kama daktari ataona moyo wake ulihusiana na jambo lolote lililotambuliwa kuwa limetokana na utumishi, kuna malipo ya kila mwezi kwa mjane na kwa watoto. Usikisie mwenyewe kwamba haihusu. Mtafute mtu wa kusaidia madai kwenye chama cha wanajeshi wa zamani, hawatozi, akae na cheti cha kifo na majalada ya hospitali.

Bendera yenyewe inaombwa kwa fomu 27-2008 na inachukuliwa posta. Kampuni ya mazishi huwa wanaifuata wenyewe. Hakikisha tu imefika kabla ya siku.

Kwa shemeji usipige simu kujitetea. Mpigie umwambie kaka yake anakuja Marangu, kwamba ataondoka Tacoma baada ya askari kumaliza kazi yao, na kwamba tarehe utampa wewe. Na huko kaburi lisichimbwe mpaka ndege itue KIA.